Siku tuliyoshika usukani wa helikopta

Mazungumzo yaliyotolewa Lusenda, teritwari ya Fizi, Kivu Kusini, mbele ya familia za wakimbizi, wahami wa ndani, wenyeji na viongozi wao

Tunawashukuru kwa kuacha mashamba na nyavu mkaja kutusikiliza. Mtusamehe pia kwa kuchelewa. Mto ulikuwa umejaa na pikipiki zilisubiri ng'ambo.

Kabla ya yote tuondoe neno moja ambalo limetutangulia. Tumesikia inasemwa sokoni kwamba sisi wawili tulikwenda Nairobi tukanunua helikopta. Wengine wanasema tuliipanda kwa pesa za mradi. Ukweli ni huu. Tulitumwa Nairobi kwa mafunzo ya upatanishi, majuma mawili. Huko tukajulishwa kwa mzee mmoja, mwalimu wa marubani, ambaye zamani aliruka katika mikoa yetu ya mashariki akibeba chakula na wagonjwa. Tulimsumbua kwa maswali mpaka akachoka, akasema: «Njooni Jumamosi. Nitawapa somo la kwanza, lile ninalompa mtu ambaye hajawahi kushika kitu.» Mafuta alilipa mwenyewe. Sisi tulilipa teksi na chai, na karatasi zake tunazo, anayetaka kuziona aje ofisini.

Na kwa nini tulimsumbua hivyo? Wengi wenu mnajua sababu, lakini wengine walikuwa hawajafika Lusenda wakati ule, kwa hiyo tuieleze.

Katika msimu wa mvua uliopita, huko juu milimani, wagonjwa 9 walikuwa wanasubiri kushushwa Baraka. Helikopta ilikuja, si ile kubwa, ilikuwa ndogo. Rubani alizunguka mara mbili, akatua, hakuzima mashine, akaonyesha vidole: 4 na muuguzi. Orodha ilikuwa mkononi mwetu. Tulisoma majina 4 ya kwanza, na wote 4 walikuwa wa jamii moja. Wa tano alikuwa msichana wa jamii nyingine, mguu umevunjika, baba yake amembeba tangu alfajiri. Mlango ukafungwa. Tulimwambia baba yule asubiri, helikopta itarudi. Haikurudi, maana saa nane mchana mawingu yalifunika mlima. Binti alishushwa kwa kipoyi mpaka ziwani, siku 2 za njia. Leo anatembea, lakini anachechemea.

Jioni ile ile habari ilienea: helikopta inachagua kabila. Juma lililofuata vijana walifunga barabara, gari letu lilipigwa mawe, na kamati ya amani, ile tuliyoijenga pamoja nanyi kwa shida, haikukaa kwa miezi 3. Baba wa binti yule yuko hapa, amekaa mbele. Ametupa ruhusa tulitaje jambo lake bila kutaja jina lake. Asante, mzee.

Basi Jumamosi ile tulifika Wilson, uwanja wa zamani wa Nairobi, wenye jina la mama Florence Kerr Wilson aliyeanzisha kampuni ya ndege nchini Kenya mwaka 1929. Tulidhani tutapanda mara moja. Kumbe kitu cha kwanza ni mzani! Tulipimwa mbele ya watu wote, na viatu vyetu na mabegi yetu. Mwalimu aliandika uzito wa kila mmoja, akaandika uzito wa mafuta, akatazama joto la siku hiyo, kisha akafungua kitabu chenye mistari mingi na kufuata mstari kwa kidole, kama muuguzi anavyofuata kadi ya chanjo. Tukamwuliza, je, asingetupima? Akajibu kwamba helikopta ingetupima yenyewe, lakini ingetupima tukiwa hewani.

Hapo ndipo alipotueleza jambo ambalo tungepaswa kulijua kabla ya kwenda mlimani na orodha. Mapanga yale ya juu yanasukuma hewa chini, na ndivyo chombo kinavyoinuka. Ninyi wavuvi mtaelewa upesi kuliko sisi. Ukipiga kasia ndani ya maji, mtumbwi unakwenda. Ukipiga kasia ndani ya povu, mkono unachoka na mtumbwi haukwendi. Hewa ya mlimani ni kama povu: ni nyembamba, na jua likiwaka inazidi kuwa nyembamba. Injini nayo inakosa pumzi, kama sisi tunavyohema tukipanda. Hapa ziwani tuko karibu mita 770 juu ya bahari. Minembwe ni zaidi ya mita 2000. Kwa hiyo chombo kile kile kinachoinua watu wengi hapa Lusenda asubuhi kinaweza kushindwa kuwainua huko juu saa sita mchana. Viti vipo, lakini nguvu haipo.

Tena kuna mafuta. Milimani hakuna pa kujaza, hivyo rubani anapanda na mafuta ya kwenda na ya kurudi, na ya akiba kama mawingu yatamfukuza. Bidoni 4 za lita 20 zina uzito wa karibu mtu mzima mmoja. Kila mtu aliyetazama ndani ya helikopta siku ile na kusema «nafasi ilikuwepo» alisema kweli kwa macho yake.

Sasa tuje kwenye kuruka kwenyewe, maana tunaona vijana wamechoka na mambo ya mzani.

Helikopta yenyewe ilikuwa Robinson R44, viti 4, ndogo kuliko teksi iliyotuleta. Mmoja wetu alikaa mbele kulia, mwalimu kushoto, mwenzake nyuma, na baadaye tulitua tukabadilishana. Mkono wa kushoto unashika fimbo iliyo pembeni ya kiti: ukiivuta, unapanda; ukiishusha, unashuka. Mkono wa kulia unashika usukani, unaokupeleka mbele, nyuma na pembeni. Miguu iko juu ya pedali zinazogeuza pua, kwa kuwa zinaongoza mapanga madogo ya mkiani. Na vyote vinavutana. Ukivuta fimbo ya kushoto tu, pua inageuka yenyewe, na lazima mguu uirudishe. Mguu ukisogea, mkono nao una kazi. Katika aina hii usukani ni mti mmoja katikati wenye mikono miwili kama mzani wa sokoni, mmoja kwa mwalimu, mmoja kwa mwanafunzi. Mwenzako akiushusha upande wake, wako unapanda.

Huko juu, tukivuka mbuga ya wanyama iliyo karibu na uwanja, ilikuwa rahisi. Tulijiona marubani! Mwalimu alicheka tu. Alitupeleka mahali peupe, akashuka mpaka urefu wa mtu juu ya nyasi, akasimama pale hewani, akasema: «Sasa mshike, msiende popote. Msimame hapa hapa.»

Ndugu zetu, kusimama ndiko kugumu. Ni kama kusimama wima katika mtumbwi mdogo wakati mawimbi yanakuja. Tuliona tunakwenda kushoto, tukasukuma kulia. Haikuitika mara moja, tukaongeza. Ghafla ikaitika yote kwa pamoja, tukatupwa kulia, tukarudisha kwa nguvu, na kila mara ilizidi. Baada ya sekunde 5 au 6 tulikuwa tunayumba kama mlevi na jasho linatutoka. Mwalimu akashika, ikatulia. Alitufundisha kwamba mkono usisukume, ufikirie tu kusukuma, kisha usubiri. Tulijaribu mara nyingi. Mara ya mwisho tulisimama labda sekunde 10, naye akapiga makofi kama tumemaliza shule ya msingi.

Lakini kilichotugusa zaidi ni namna alivyokuwa akitupa na kutunyang'anya. Hakuwahi kuachia kimya kimya. Alisema: «Unashika wewe.» Sisi tulijibu: «Ninashika mimi.» Naye akarudia: «Ndiyo, unashika wewe.» Ndipo akaondoa mkono. Akitaka kurudishiwa ni vile vile. Tulimwuliza kama ni adabu. Akasema kuna watu waliokufa kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ameshika. Na si hapo tu. Kabla ya kugeuka alisema nageuka. Kabla ya kushuka alisema nashuka, na kwa nini. Mara moja alishusha fimbo ya kushoto hadi chini ili kutuonyesha kinachofanyika injini ikizimika: chombo hakianguki kama jiwe, upepo unaopanda kutoka chini unaendelea kuzungusha mapanga, ila rubani ana muda mdogo mno wa kushusha fimbo ile. Matumbo yetu yalipanda kooni. Lakini hatukupiga kelele, kwa sababu alikuwa ametuambia kabla.

Tulirudi hotelini bila kusema neno. Tulikuwa tunawaza jambo moja: yule mgeni alimweleza kila kitu mtu ambaye hakuwa na haja yoyote ila udadisi. Sisi, mlimani, hatukumweleza chochote baba aliyebeba mtoto wake.

Kwa hiyo tunasema mbele yenu. Orodha ile hatukuiandika kwa kabila. Tuliiandika kwa kufuata aliyefika kwanza. Waliofika kwanza ni wanaokaa karibu na uwanja, na wanaokaa karibu ni jamii moja. Kanuni yetu ilionekana safi kwenye karatasi, na huko uwanjani ilikuwa na upande. Tena hatukuwa tumeuliza nani ana hali mbaya zaidi. Rubani alisema 4 kwa sababu ya hewa na mafuta. Majina 4 tuliyachagua sisi. Mkimlaumu rubani mnamwonea.

Juzi mzee wetu huyu alituuliza swali moja tu: je, rubani alijua kwamba binti yake alikuwa namba tano? Tulimjibu kwamba hakujua, kwa sababu hatukumwambia. Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba miezi yote hii alikuwa anamchukia mtu asiyemfahamu.

Hili si jambo dogo, na si la hapa kwetu peke yake. Tarehe 29 mwezi wa 3, 2022, helikopta ya MONUSCO ilianguka huko Rutshuru, Kivu Kaskazini, na walinda amani 8 walifariki. Mwezi wa 2, 2023, nyingine ilipigwa risasi ikiwa hewani ikielekea Goma, akafa mwanajeshi mmoja wa Afrika Kusini. Hatusemi kwamba uvumi ndio uliofyatua risasi hizo. Lakini hapa Fizi tunajua kinachosemwa chombo kikipita: kimebeba silaha za wale, kimekuja kuhesabu nyumba zetu. MONUSCO ilifunga kazi yake Kivu Kusini katikati ya mwaka 2024, na mpaka leo kila kinacholia juu bado kinaitwa helikopta ya MONUSCO. Mkikiona na hamjui ni cha nani, njooni mwulize. Tukijua tutajibu, na tusipojua tutasema hatujui.

Mambo mengine ni ya usalama, tuyaseme haraka. Helikopta haipandi wima kama moshi kila mara; iliyobeba mzigo inapenda kukimbia mbele kidogo ili ipate nguvu, ndiyo maana watoto wasisimame mbele ya njia yake, na ndiyo maana uwanja wenye miti mwishoni unakataliwa. Mapanga ya mkiani yakizunguka hayaonekani kabisa: mtu asipite nyuma, hata akiitwa na ndugu yake. Kwenye mteremko msiikaribie kutoka upande wa juu. Subirini rubani awape ishara. Na mashitingi yafungwe vizuri, kwa sababu upepo wa ile kubwa unaweza kung'oa mabati, seuze shitingi.

Kuhusu orodha, tumekubaliana na kamati zote mbili na machefu hivi. Wagonjwa watapangwa na muuguzi kwa hali zao, wala si kwa kufika. Orodha itasomwa kwa sauti kabla helikopta haijaja, mjumbe wa kila jamii akiwepo. Rubani akitaja idadi, mmoja wetu ataitangaza hapo hapo pamoja na sababu, kwa Kiswahili, na kwa Kirundi, Kibembe au Kinyamulenge inapohitajika. Atakayebaki ataambiwa amebaki kwa nini na tunampeleka kwa njia gani nyingine, hata kama njia hiyo ni kipoyi. Na wote watapimwa uzito mbele ya watu, nasi tukiwemo.

Mama mmoja ameuliza pale nyuma kama ni lazima kupimwa hadharani, maana kuna watu wanene watachekwa. Mama, Nairobi tulichekwa sana. Mzani tumekuja nao, uko pale chini ya mwembe. Tunaomba wajumbe wa kamati na machefu watangulie, kisha sisi, kisha yeyote anayetaka, na vijana wawili wanaojua kuandika waje na daftari.