KWA NINI MOTAKAA HUCHECHEMEA
(Maneno waliyoambiwa wanachama, Bahati)



Tumeombwa tueleze habari ya motakaa zinazopoteza nguvu ghafula mlimani, maana mwenzetu mmoja, anayeendesha gari la tajiri siku zake za mapumziko, amekatwa fedha juu ya jambo hilo. Alikuwa akipanda kutoka Subukia kuja huku Bahati. Taa ya injini ikawaka, akakanyaga mafuta mpaka mwisho, gari likatambaa tu. Tajiri akasema dereva ameua injini. Sisi twasema sivyo.

Zamani pedali ya mafuta ilivuta kebo, na kebo ikafungua kilango cha hewa cha injini. Katika magari mengi yaletwayo siku hizi kutoka Japani kebo hiyo haipo. Pedali hupeleka habari kwa waya hadi kwenye kompyuta, nayo huamuru mota ndogo ifungue kilango. Wala kompyuta haitosheki na shahidi mmoja. Pedali ina vipimo viwili, kilango nacho viwili, na vyote hulinganishwa wakati wote gari likienda. Vipimo vya kilango vikihitilafiana, kompyuta haijui kipi chasema kweli, basi hukata stimu ya mota. Hapo springi hukirudisha kilango mahali pake pa salama. Hakifungi kabisa, katika injini nyingi za Toyota huacha upenyo wa nyuzi 6 au 7 hivi. Hewa hiyo yatosha gari kujikokota hadi kwa fundi, haitoshi kupanda mlima na mzigo. Injini haikufa. Imezuiwa, gari lisije likakimbia lenyewe.

Sisi wa reli hatushangai. Breki ya upepo aliyoitengeneza George Westinghouse mwaka 1872 ni ya akili hiyo hiyo: bomba likikatika na upepo ukatoka, breki hushika zenyewe. Ila treni husimama, na motakaa huachiwa nguvu kidogo.

Sababu zake ni waya uliolegea au kuliwa na kutu, maji kuingia kwenye viungo vya waya, kilango kujaa masizi, au kipimo kuchakaa. Je, mguu wa dereva umo wapi hapo? Wako wanaozima gari na kuliwasha tena ili nguvu irudi, na mara nyingine hurudi kweli. Lakini kasoro ingali pale, na yaweza kutokea tena wakati unapolipita lori. Afadhali uende kando, kushoto kabisa, uweke alama zako za hatari barabarani.

Kisha mtafute fundi mwenye mashini ya kusoma kompyuta. Namba P2138 ni ya vipimo vya pedali kutokubaliana. P2135 kwa kawaida ni ya kilango. Mwambie aiandike kwenye karatasi kabla hajaifuta, atie tarehe na saini. Namba ikisha kufutwa bila karatasi, hubaki neno lako na neno la tajiri.

Karatasi ya mwenzetu tunayo, nayo yasema P2135. Katibu ataipeleka kwa tajiri Jumatatu, pamoja na hesabu ya fedha zilizokatwa.