Fimbo mpya haitibu kosa la zamani

Wengi wetu huuona mchezo wa gofu kupitia dirisha la matatu. Tunatupa jicho ng'ambo ya ua, tunasema hayo ni mambo ya matajiri, kisha safari inaendelea. Lakini wamo pia makarani, walimu na wenye maduka wanaoupenda mchezo huu, na wiki hii nazungumza nao, pamoja na wale vijana wanaowabebea mabegi.

Ugonjwa wa mchezaji wetu wa Jumamosi ni mmoja. Anaupiga mpira kwa nguvu zake zote, unaondoka vizuri, halafu unapinda kulia na kupotelea vichakani. Wiki inayofuata bwana huyo yuko dukani ananunua fimbo mpya, kwa pesa ambazo zingelipa karo ya mtoto. Mpira unapinda vile vile.

Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, mpira hupinda hivyo kwa sababu, wakati wa kugongwa, uso wa fimbo umetazama kulia kuliko njia inayopita fimbo yenyewe. Mara nyingi fimbo imetokea ng'ambo ya mpira ikavutwa kuelekea mwilini, kama mtu anayefyeka nyasi. Dawa yake ni boksi tupu la viatu. Liweke ng'ambo ya mpira, nafasi ya vidole vinne, likielekea kule unakolenga. Piga polepole. Ukiligonga boksi, fimbo imepita njia mbaya. Usiongeze nguvu mpaka umepiga mara kumi bila kuligusa.

Kama kosa lako ni pupa, unganisha miguu yako na upige kwa nusu ya nguvu. Ukiyumba, mwili umekwambia ukweli.

Sasa tuje kwenye grini. Uwanja wa mapigo 72 humhesabia mchezaji mapigo mawili ya kusukuma mpira kwa kila shimo. Mashimo ni 18, kwa hiyo hayo ni mapigo 36, nusu nzima ya mchezo! Hata hivyo watu hutumia saa nzima wakipiga mipira ya mbali na dakika mbili tu wakisukuma ya karibu.

Shimo lina upana wa milimita 108 na mpira hupungua kidogo milimita 43. Nafasi ipo, bora fimbo ipite sawa. Chomeka vijiti viwili vya tii, pengo lizidi kidogo tu upana wa kichwa cha fimbo, kisha uipitishe katikati bila kugusa kijiti. Anza hatua moja kutoka shimoni, halafu mbili, halafu tatu. Usiinue kichwa kuufuata mpira. Ngoja uusikie ukidondoka. Sisi watu wa redio tunaliamini sikio. Nyumbani hata zulia la sebuleni linatosha, dakika kumi kila jioni. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwaka 1978 Seve Ballesteros wa Uhispania alishinda Kenya Open hapa kwetu. Bwana huyu aliwahi kuwa kedi, na utotoni alijifunza kwa fimbo moja tu ya chuma, namba tatu, kwenye mchanga wa pwani ya kijiji chao cha Pedreña. Mwaka 1979 akatwaa The Open kule Uingereza, na akalirudia taji hilo mwaka 1984 na 1988. Hakuwa na duka la kukimbilia. Alikuwa na mchanga na muda.

Kanuni zinamruhusu mchezaji kubeba fimbo 14. Kedi anayezibeba huenda hana hata moja, ingawa macho yake yameona makosa ya mabwana mia na anajua dawa ya kila moja. Basi wewe uliyenunua fimbo mpya, ile ya zamani inafanya nini stoo? Mpe kijana huyo. Nanyi wakuu wa viwanja, mpeni saa moja ya jioni, wachezaji wakishaondoka, naye ajaribu boksi na vijiti vyake. Pengine bingwa wetu ajaye ndiye anayetafuta mpira wako vichakani sasa hivi.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kwa leo naishia hapo.