DEBE MOJA KWA MTOTO MMOJA

Maelezo ya Kamati ya Fedha katika harambee ya mwaka



Kila mwaka Kamati ya Fedha husimama hapa kusoma mapato na matumizi. Safari hii hesabu zote mtazikuta mwishoni mwa kijitabu hiki. Tumeomba dakika chache tuzungumzie jambo moja tu, chakula cha mchana cha watoto wetu shuleni, kwa sababu ndipo tulipokosea na ndipo tunapotaka kujirekebisha.

Wengi wetu tumesoma katika shule hizo hizo. Tulitoka nyumbani alfajiri bila kutia kitu mdomoni, na ikifika saa nne mwalimu anaandika ubaoni, sisi tunawaza ugali wa jioni. Hali hiyo ingalipo. Shule hufunguliwa Januari, na sisi tuna msimu mmoja wa mvua, mavuno yetu ni Mei na Juni. Mtoto wa darasa la kwanza anaanza masomo katika miezi ile ile ambayo vihenge vimebaki vitupu.

Tangu Serikali ilipoondoa ada na michango ya lazima Januari 2016, wazazi wengi walidhani chakula nacho kimo humo. Hakimo. Chakula kimebaki mikononi mwa wazazi na jamii kwa makubaliano yao wenyewe. Na kinachotuuma zaidi ni kwamba wilaya yetu ndiyo yenye soko la mahindi la Kibaigwa. Malori yanapakia mahindi kwenda mbali, na mtoto wa hapo hapo analaza kichwa juu ya dawati.

Sasa kosa letu. Fedha za harambee iliyopita tulizipeleka Februari, tukanunua mahindi wakati bei iko juu kuliko mwezi mwingine wowote. Magunia yakawa machache kuliko tulivyopanga, na uji ukakatika kabla muhula haujaisha. Hakuna aliyekula fedha, stakabadhi zote zipo. Lakini fedha iliyotumika kwa wakati mbaya nayo ni hasara, na hasara hiyo waliibeba watoto.

Kwa hiyo tuliketi na kalamu. Mwaka wa shule una siku 194. Tukimpa mtoto gramu 100 za nafaka na gramu 30 za maharage kila siku, kwa mwaka anahitaji kilo 19.4 za nafaka na kilo 5.8 za maharage. Yaani debe moja la nafaka na kidogo juu yake. Gunia la kilo 100 linalisha watoto watano mwaka mzima. Shule ya watoto 400 inahitaji magunia 78 ya nafaka na magunia 24 ya maharage. Ni kazi, lakini ni kazi inayohesabika.

Tumekubaliana na wazazi wa shule mbili tutakazoanza nazo. Wao wataleta nafaka mara baada ya kuvuna, nasi wa mjini tutaleta maharage, mafuta, chumvi yenye madini joto na vifaa vya kuhifadhia. Si lazima nafaka iwe mahindi. Uwele na mtama huvumilia ukame wetu, na uwele una madini ya chuma kuliko mahindi, ingawa tumeuzoea kuuita chakula cha shida. Mahindi peke yake hushibisha tumbo, lakini mwili wa mtoto hujengwa yakichanganywa na maharage, kunde au karanga. Na ubuyu, ambao hapa mjini tunaununua umetiwa rangi na sukari, kule mibuyu imesimama tu. Unga wake una vitamini C, nayo husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage. Kijiko cha ubuyu ndani ya uji hakitugharimu chochote.

Jambo la kuhifadhi tusilipuuze. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha kwa sumukuvu katika mkoa wetu wa Dodoma na jirani zetu wa Manyara. Mahindi yaliyowekwa na unyevu yanaweza kuua. Nafaka itaanikwa juu ya turubai, isianikwe ardhini, kisha itawekwa katika mifuko isiyopitisha hewa na kupangwa juu ya chaga. Ghala litakuwa na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu, mwingine kwa mwakilishi wa wazazi. Idadi ya sahani itaandikwa kila siku na kubandikwa ukutani.

Liko sharti moja ambalo Kamati haitalilegeza. Tumesikia kwamba mahali pengine mtoto ambaye mzazi wake hakuchangia husimama pembeni wenzake wakila. Kwetu isiwe hivyo. Mtoto hana deni. Mzazi asiye na debe atachangia kuni, maji au kazi ya kujenga jiko. Aliye nalo na hataki, tutamfuata nyumbani kwake tuzungumze naye kama ndugu, lakini mwanawe atakuwa anakula.

Wazee wetu wanakumbuka mradi wa karanga. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta Kongwa, fedha nyingi sana, bila kuijua vizuri mvua wala udongo wetu. Mwaka 1951 waliuacha. Sisi hatuna fedha nyingi, lakini mvua yetu tunaijua na mwezi wa kununua sasa tunaujua.

Ndugu zetu, ombi letu ni fupi. Ahadi utakayoandika leo, ilipe kabla ya tarehe 30 Juni, maharage yakiwa bado ya mavuno mapya. Shilingi ya Juni inanunua zaidi ya shilingi ya Februari. Ukiona huwezi kulisha shule, lisha watoto watano. Ukiona watano ni wengi, lisha mmoja. Haba na haba hujaza kibaba, na safari hii kibaba chenyewe tumekwisha kukipima.