Siku Moja katika Mji wa Venice

Jioni hii nimepewa dakika chache niwaeleze habari za mji ambao njia zake kuu ni maji, nao ni Venice katika nchi ya Italia. Nalikuwa na siku moja tu ya kuutazama, tangu alfajiri hata usiku, na siku moja ni kitu kidogo kwa mji uliodumu zaidi ya miaka elfu. Basi nalifanya shauri kabla sijafika: sitajaribu kuona yote, bali nitatafuta jambo moja nililolitaka tangu utotoni, na mengine yatakayonikuta njiani nitayapokea kwa shukrani.

Jambo lenyewe ni ushanga. Bibi yangu alikuwa na shada la ushanga mwekundu wenye moyo mweupe, naye aliupokea kwa bibi yake. Tulipomwuliza ulikotoka alijibu, "Ulaya," wala hakujua zaidi. Nalipokua nikasoma ya kuwa ushanga wa namna hiyo ulifanywa Venice, ukaja Unguja kwa merikebu, kisha ukabebwa na misafara mpaka bara, nako ulikuwa kama fedha: ulinunua chakula, ulilipa hongo, ulilipa ujira. Wasafiri wa karne ya 19 waliuandika kwa jina la samesame.

Nalifika saa moja ya asubuhi kwa gari la moshi, ambalo siku hizi halina moshi, juu ya daraja refu lililofunguliwa mwaka 1846. Kabla ya daraja hilo hapakuwa na njia ya kuingia ila kwa chombo. Nikatoka mlangoni mwa stesheni, na chini ya ngazi, hatua chache tu, palikuwa na maji: Mfereji Mkuu wenyewe, unaopinda katikati ya mji kadiri ya kilomita nne. Hapana motokaa hata moja. Taka huchukuliwa kwa mashua, mgonjwa hukimbizwa hospitali kwa mashua, na maiti naye huvushwa kwa mashua mpaka kisiwa cha San Michele, kilicho makaburi ya mji.

Watu wa pwani watauliza, nyumba za mawe zasimamaje juu ya tope? Jibu ni boriti. Mji umejengwa juu ya visiwa vidogo zaidi ya 100, katika ghuba ya maji machache iliyokingwa na mafungu membamba ya mchanga. Wajenzi walipigilia miti katika tope, mmoja kando ya mwenziwe, wakatandika mbao juu yake, kisha mawe magumu ya Istria yasiyopenyeka maji kwa urahisi. Mti uliozikwa topeni haupati hewa, na bila hewa huoza polepole mno. Chini ya kanisa la Salute, lililowekwa nadhiri katika tauni ya mwaka 1630, yasemwa imo miti zaidi ya milioni.

Nikapita soko la samaki la Rialto, nikavuka daraja la mawe lililomalizwa mwaka 1591, kisha nikapotea. Mwenyeji wa Lamu asingeona ajabu, maana vichochoro vile ni vyembamba kama vya kwao. Tofauti ni kwamba cha kule huweza kukoma ghafula majini. Katika kupotea nalitokea uwanja mdogo wenye kisima cha mawe yaliyochongwa, kimefunikwa chuma. Nikaketi hapo muda mrefu kuliko ilivyonipasa. Watu hawa walizungukwa na maji pande zote, wala hawakuwa na ya kunywa. Basi walichimba uwanja mzima, wakakandika shimo kwa udongo mfinyanzi ili maji ya chumvi yasiingie, wakalijaza mchanga, na katikati wakajenga kisima cha matofali. Mvua iliponyesha, maji yaliingia kwa matundu ya sakafuni, yakajichuja mchangani, yakafika kisimani safi. Waliishi hivyo mpaka mwaka 1884, maji ya bomba yalipoletwa kutoka bara.

Kisima hicho kilinila saa nzima. Kwa hiyo uwanja wa San Marco naliupita mbiombio, na msururu wa watu mlangoni mwa kanisa ulikuwa mrefu sana. Nalitazama kwa nje wale farasi wanne wa shaba, walio mfano tu, kwa kuwa wa asili wamewekwa ndani. Waveneti waliwateka Constantinople mwaka 1204. Napoleon akawachukua mwaka 1797, dola ya Venice ilipokoma. Wakarudishwa mwaka 1815. Mali ya vita haikosi mwizi wake.

Saa nane nikapanda chombo cha abiria kwenda Murano, kisiwa cha mafundi wa kioo. Serikali iliwahamishia huko mwaka 1291, na fundi aliyekimbia na siri ya kazi alihesabiwa mhalifu. Nikaingia nyumba ya makumbusho ya kioo, na hapo nikajifunza namna ushanga mdogo ulivyofanyika. Walichukua donge la kioo laini lenye tundu, watu wawili wakalishika huku na huku, wakaachana mbio, nalo likavutika likawa kama uzi mrefu, na tundu lisipotee. Uzi ulikatwa vipande vidogo, vikatiwa motoni tena vipate kuviringika. Waliotunga ni wanawake wa mjini, wakiketi mbele ya milango yao, kila mmoja ameshika sindano nyingi kama upepo wa mkononi, akizichovya katika chombo kilichojaa ushanga. Walilipwa kidogo sana. Bibi yangu hakuwajua, nao hawakumjua, ingawa vidole vyao vilishika kitu kimoja. Nikaona punje nyekundu zenye moyo mweupe, nikasimama mbele yake mpaka mlinzi akaja kuniambia kwamba wanafunga.

Niliporudi mjini nalikutana na mama mzee akilisha njiwa dirishani, jambo lililokatazwa, tukasalimiana kwa Kiitaliani changu kibovu. Nikamwuliza juu ya maji makuu ya tarehe 4 Novemba 1966, yaliyopanda sentimeta 194. Alisema alikuwa msichana, na kwamba mafuta ya kupashia nyumba moto yalichanganyika na maji yakapaka kuta weusi. Hayo huja bamvua linapokutana na upepo wa Sirocco usukumao bahari. Tangu Oktoba 2020 milango 78 ya chuma, ilalayo chini ya bahari, huinuliwa kuyazuia. "Basi sasa mna salama," nikasema. Akajibu, "Maji tumeyafungia mlango, Bwana. Watu ndio wanaotoka." Wanawe wote wamehamia Mestre, ng'ambo ya daraja, kwa kuwa nyumba zimegeuzwa malazi ya wageni. Akaniuliza ningekaa siku ngapi. Nikaona haya kumjibu.

Karibu na Rialto liko duka la dawa lenye kibao dirishani kinachoonyesha hesabu ya wakazi wa mji wa kale. Mwaka 1951 walikuwa kama 175,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Tangu mwaka 2024 mgeni wa kutwa hutozwa ada katika siku fulani, ingawa sikuona dalili kwamba ada imepunguza mtu.

Nalipanda gari la saa mbili na nusu usiku. Nalidhani nitasafiri na wageni wenzangu, kumbe behewa lilijaa wapishi, wafagiaji na wauza duka waliomaliza kazi. Karibu wote walishuka Mestre.