Mapambo ya Thamani Safarini

Kila inapotokea safari ya ng'ambo katika nyumba ya watu wa pwani, hutokea na swali lake. Nguo zimekwisha kunjwa, hati ya safari imekwisha patikana, halwa ya kuwapelekea jamaa imekwisha fungwa. Ndipo bweta la mapambo hutolewa kabatini, na wanawake wa nyumba huanza kuulizana: twende nayo, au tuyaache? Jioni hii twataka kulijibu swali hilo, nasi twaomba mtusikilize hata ninyi mabwana mnaodhani kuwa maneno haya ni ya kike. Dhahabu ya nyumba ikipotea, mnajua wenyewe ni nani atakayetakiwa kuitafuta nyingine.

Yafaa tuanze kwa kujua ni kitu gani hasa kinachosafirishwa. Kwa mgeni, pambo ni pambo tu. Kwetu, kidani na bangili ni akiba. Bibi huvipata siku ya arusi yake, au huvirithi kwa mama yake, na aghalabu hapana karatasi hata moja inayovitaja. Mtoto akidaiwa ada ya shule, au mgonjwa akihitaji kupelekwa hospitali ya mbali, bangili moja huenda kwa sonara, hupimwa, huuzwa, na shida ile hupita. Basi mwanamke aondokaye na bweta zima haondoki na urembo wake tu. Aondoka na fedha za siku ya dhiki, tena bila ya mlinzi.

Tuseme bibi mmoja wa Unguja amealikwa Maskati, arusini kwa binti wa ndugu yake. Jambo hili ni la kawaida, kwa kuwa jamaa nyingi zimegawanyika pande mbili za bahari. Ana kidani, herini na bangili sita. Akiogopa kuviona vikitazamwa na watu njiani, avifunga katika leso, avitia katikati ya nguo ndani ya sanduku kubwa, na sanduku lile alikabidhi uwanjani lipakiwe tumboni mwa ndege. Aona amevificha vema. Kwa kweli amevipeleka mahali pabaya kupita pote.

Sheria ya mizigo ya ndege imo katika mapatano yaliyofanywa Montreal mwaka 1999, na Kenya na Tanzania zimo miongoni mwa nchi zilizoyakubali. Mapatano hayo yaweka kikomo cha fidia ya mzigo uliopotea. Kikomo hicho huhesabiwa kwa fungu la hesabu la Shirika la Fedha la Kimataifa, nacho tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni mafungu 1,519 kwa kila msafiri, yaani dola za Kimarekani 2,000 na kidogo. Angalieni kwamba hicho ni kikomo cha juu, wala si malipo ya kila apotezaye. Mwenye mzigo hutakiwa kuonyesha alichopoteza. Sasa tuyapime. Mwezi Oktoba 2025 wakia moja ya dhahabu, ambayo ni gramu 31 na kidogo, ilipita dola 4,000. Kwa bei hiyo, fidia kamili ya sanduku zima, pamoja na nguo, viatu na halwa, hainunui hata tola moja na nusu ya dhahabu safi. Na bangili sita peke yake zina uzito gani? Kila mwenye nazo na ajijibu.

Ni kweli kwamba mapatano yale yampa msafiri ruhusa ya kutangaza thamani kubwa zaidi anapoukabidhi mzigo wake, na kulipa nyongeza atakayotakiwa. Lakini mashirika mengi ya ndege, katika masharti yao, huwakataza wasafiri wasitie dhahabu, vito wala fedha katika mizigo ya kukabidhi. Asomaye masharti hayo kabla ya kununua tikiti ni mmoja katika wengi.

Mtasema, basi tuyachukue mkononi. Hilo ni afadhali, lakini lina sheria yake nalo. Mzigo ambao msafiri ameuweka mwenyewe, shirika haliulipi ila hasara iwe imetokana na kosa la shirika au la watumishi wake. Abiria mwenzako akiufungua mkoba wako nawe umelala, utamdai nani? Tena kuna pale penye ukaguzi, ambapo wasafiri huambiwa wavue vyuma na kuvitia katika sinia. Watu wana haraka, nyuma wanasukumana, viatu viko huku na mkoba uko kule, na pete husahauliwa sinia ikaenda zake. Afadhali kuvua kila kitu mapema, kukitia ndani ya mkoba na kuufunga, ndipo mkoba ukapite.

Hapa tuseme neno dogo juu ya vidole, kwani wachache hulifikiri. Katika safari ndefu ya kukaa kitako, mikono huweza kuvimba kidogo, na pete iliyokuwa sawasawa nyumbani ikabana isitoke. Kwa wale wendao Ulaya wakati wa baridi, mambo hugeuka: kidole husinyaa kwa baridi, na pete ile ile huchopoka mtu anaponawa au anapovua glovu, wala asijue mpaka jioni.

Tuje kwenye kulala ugenini. Wengine hudhani wizi wa mapambo huwapata maskini wasio na walinzi. Mwezi Oktoba 1946 mke wa Duke wa Windsor, yule aliyekiacha kiti cha ufalme wa Uingereza mwaka 1936, alifika Uingereza pamoja na mumewe wakitoka Ufaransa, wakashukia katika nyumba ya rafiki yao karibu na Sunningdale. Mapambo yake hayakuwekwa katika chumba cha hazina cha mwenyeji, bali yalibaki upande wa vyumba vya kulala. Wezi wakaingia wakayachukua, na mengi katika hayo hayakuonekana tena. Miaka 70 baadaye, Oktoba 2016, Kim Kardashian wa Marekani alivamiwa usiku mjini Paris alikokuwa amefikia, akafungwa kamba, akanyang'anywa vito vya mamilioni ya dola. Kabla ya hapo picha za pete yake zilikwisha onekana na watu wengi katika intaneti. Mwezi Mei 2025 mahakama ya Paris iliwatia hatiani watu 8. Hukumu imepatikana, pete haikurudi. Twawaambia hasa ninyi vijana mpendao kupiga picha za kila kitu safarini na kuzieneza siku ile ile: ngojeni mpaka mrudi nyumbani.

Na hoteli je? Huko Uingereza ipo sheria ya mwaka 1956 juu ya wenye hoteli. Ikiwa mwenye hoteli amebandika tangazo la sheria hiyo mahali panapoonekana, dhima yake kwa mali ya mgeni iliyopotea haizidi pauni 50 kwa kitu kimoja, wala pauni 100 kwa mgeni mmoja. Lakini mgeni akimkabidhi mali ile aihifadhi, au ikiwa imepotea kwa kosa la hoteli yenyewe, kikomo hicho hakimkingi. Maana yake ni kwamba kidani kilichoachwa juu ya meza na kidani kilichokabidhiwa kwa stakabadhi ni vitu viwili mbele ya sheria, japokuwa ni kidani kile kile.

Forodha nayo ina haki yake. Apitaye Dubai na ajue kuwa Falme za Kiarabu zataka msafiri atangaze fedha, madini ya thamani na vito vikizidi dirham 60,000. Aendaye nchi za Umoja wa Ulaya kwa ndege, mapambo yake ya kuvaa atakayorudi nayo hayana neno; bali zawadi itakayobaki huko ikizidi euro 430 yaweza kutozwa kodi. Na wakati wa kurudi, afisa wa forodha ana haki ya kuuliza kama bangili ile mpya machoni pake ilinunuliwa ng'ambo. Risiti ya zamani, au karatasi ya sonara yenye uzito na tarehe ya kabla ya safari, humaliza maneno.

Basi jibu letu ni hili: yaacheni nyumbani. Chukueni ile pete au vile vipuli msivyovivua siku zote, na kwa usiku wa arusi vaeni mapambo ya kupakwa maji ya dhahabu. Taa za arusini hazimfichui mtu. Anayepeleka zawadi ya bibi arusi hana budi kuichukua, naye na aichukue mwilini au katika mkoba usiomtoka mkononi, akiwa amekwisha ipima, kuipiga picha, na kutazama kama bima yake ya safari, kama anayo, yataja vito kwa kiasi gani. Bima nyingi huvitaja kwa kiasi kidogo.

Lakini mapambo ya kuazima yasivuke bahari kabisa. Tumezoea kuazimana, na ni desturi njema ya ujirani; shoga humpa shoga kidani avae usiku mmoja mtaa wa pili, na asubuhi hurudi. Kikipotea Maskati, aliyeazima atarudi kumwambia nini mwenziwe? Bei ya dhahabu ya mwaka ule mwenye kidani alipokinunua si bei ya leo, na mwenye nacho atataka uzito wake, si fedha alizolipa. Hapo urafiki wa miaka mingi huingia katika mizani ya sonara.

Yanayobaki nyumbani yaandikwe kila kimoja na uzito wake, katika karatasi mbili, mbele ya mashahidi wawili. Karatasi moja ikae kwa yule aliyekabidhiwa bweta, awe ni benki au mtu wa kuaminiwa, na ya pili msafiri aende nayo pamoja na ufunguo.