Jiwe Chini ya Gurudumu



Leo tunaomba kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo baadhi yenu huenda mtaliona dogo mno kwa siku ya Dominika, nalo ni namna ya kuliacha gari mlimani likiwa limesimama. Watu wa Milepa na wa vijiji vingine vya Bonde la Ziwa Rukwa hawataliona dogo. Wao hawana njia ya kufika Sumbawanga mjini isipokuwa kuupanda ukuta wa Lyamba lya Mfipa, ule ukingo mrefu unaotenganisha nyanda za juu za Ufipa na bonde. Ziwa liko karibu mita 800 kutoka usawa wa bahari, na mji wa Sumbawanga uko juu ya ziwa hilo kwa zaidi ya mita 800 nyingine. Mpunga, ufuta na samaki hupandishwa. Saruji, mabati na dawa hushushwa. Katika safari ya namna hiyo hakuna gari lisilosimama. Maji ya injini huchemka, gurudumu hupata pancha, mama mwenye mtoto mgonjwa huomba kushuka kidogo, na dereva naye ni binadamu.

Tumezoea kuwaonya madereva juu ya mwendo wa kasi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 inaligusa jambo hilo chini ya amri ya tano, ikiwahesabia kosa zito wanaohatarisha maisha yao na ya wengine kwa ulevi au kwa kupenda mno kwenda mbio. Gari lililosimama halikutajwa hapo. Lakini amri ni ile ile, na gari likishasimama watu hulisahau, wakakaa kivulini mwake.

Uzito wa gari haulali usingizi. Tuchukue pikapu ambayo pamoja na mzigo wake ina tani 3, imesimama mahali ambapo njia inashuka mita 1 kwa kila mita 10. Pikapu hiyo huvutwa kuelekea bondeni kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 300, yaani magunia matatu ya kilo mia mia, wakati wote, dereva akiwa anakunywa chai au anasali. Nguvu hiyo yote huzuiwa na nini? Katika magari mengi breki ya mkono, ile madereva waiitayo hendibreki, hushika magurudumu mawili tu ya nyuma, tena kwa waya ambao hulegea kadiri unavyotumika. Na yapo magari yenye breki za diski nyuma, ambazo zikiwa zimepata moto kwa kushuka mlima mrefu, kisha zikapoa gari likiwa limesimama, hunywea kidogo na mshiko wake ukapungua. Dereva alilivuta vizuri akaliona limetulia, na baada ya robo saa likaanza kutembea lenyewe. Watu wa kale wangesema limerogwa.

Kwa hiyo dereva mwenye busara haitegemei breki ya mkono peke yake. Kwanza hutafuta mahali pa tambarare, hata kama ni kwenda mbele kidogo na abiria wakanung'unika. Akikosa, hukanyaga breki ya mguu, huvuta ya mkono kwa nguvu, kisha huinua mguu taratibu ili aone kama gari linashikwa. Ndipo huzima injini na kuingiza gia: namba moja ikiwa gari linatazama juu, rivasi ikiwa linatazama chini, ili injini nayo isaidie kuzuia. Mwenye gari la otomatiki asidhani kuwa ile herufi P inatosha. Ndani ya giaboksi kuna kijino kidogo cha chuma tu kinachoshika, na kukibebesha mlima mzima ni kukionea. Avute breki ya mkono kwanza, ndipo aweke P.

Halafu kuna usukani, ambao wengi huuacha ulivyo. Katika njia zetu za milimani aghalabu upande mmoja ni ukuta wa mlima na upande wa pili ni korongo. Magurudumu ya mbele yageuzwe kuelekea ukutani, gari liwe linatazama juu au chini, ili likiponyoka likajigonge udongoni badala ya kwenda korongoni au kwenye watu. Mjini, penye kingo za saruji kando ya lami, gari linalotazama juu hugeuziwa magurudumu upande wa katikati ya barabara, nalo likirudi nyuma gurudumu hujiegemeza kwenye ukingo. Mwisho ni jiwe au kipande cha gogo, kiwekwe upande wa bondeni wa gurudumu na kusukumwa mpaka kigusane nalo. Utingo mzuri hushuka nacho mkononi kabla gari halijasimama sawasawa, nasi tunasema kazi hiyo ya utingo ina heshima mbele ya Mungu.

Hayo yote huchukua muda usiozidi dakika mbili. Kwa nini basi hayafanyiki? Kwa sababu anayelipa kwa uzembe huo mara nyingi si dereva. Gari likiponyoka huenda chini, na huko chini wako watu ambao hakuwaona: mwenye baiskeli anayesukuma gunia, watoto watokao shule, mama muuza ndizi. Torati iliwajua watu hao. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, mtu aliyechimba shimo akaliacha wazi hulipa mnyama wa jirani akitumbukia, ijapokuwa mwenye shimo hakuwapo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, ajengaye nyumba mpya huagizwa kuweka ukuta mdogo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Sheria haikuuliza kama mwenye nyumba alikusudia. Iliuliza kama alijenga ukuta.

Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima karibu na Igandu, mkoani Dodoma, ilirudi nyuma mteremkoni bila kuzuilika, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walifariki. Treni si pikapu, lakini mlima ni mlima, na kinachoanza kurudi nyuma taratibu kiasi cha mtu kukifuata kwa miguu, baada ya muda mfupi hakuna awezaye kukishika.

Katika misiba tumezoea kusema kuwa ni mapenzi ya Mungu. Tunasema hivyo ili kuwafariji wafiwa, na faraja ni jambo jema. Hata hivyo, wapendwa, pale ambapo gari liliachwa gia ikiwa huru na gurudumu bila jiwe, yatupasa tusite kabla ya kumtwika Mungu neno hilo. Yeye ndiye aliyeweka vitu vizito viende chini, naye alitupa akili ya kulijua hilo tangu utotoni.

Limebaki lile jiwe lenyewe. Dereva amemaliza kubadili gurudumu, anawasha injini, gari linaondoka kwa furaha, na mawe mawili au matatu yanabaki katikati ya njia. Usiku anakuja mwenye bodaboda, taa yake hafifu, nyuma amebeba watu wawili. Kitabu cha Walawi, sura ya 19, kinakataza kumwekea kipofu kikwazo, na usiku wa giza mlimani sisi sote ni vipofu. Jiwe lililookoa gari saa nane mchana laweza kuua saa mbili usiku. Tunaona hili ni ovu kuliko kusahau breki, kwa maana aliyeliweka analijua lilipo.

Ninyi makatekista, ambao wengi wenu hamna magari, msidhani kuwa maneno haya yanawahusu madereva peke yao. Abiria anao mdomo. Amwulize dereva, kwa adabu, kama ameweka gia, naye asione haya akijibiwa kwa ukali. Mkirudi kutoka kigangoni mkakuta mawe njiani, shukeni myaondoe, hata kama mvua inanyesha. Na mkikuta gari limesimama mteremkoni na watoto wanacheza upande wake wa chini, wahamisheni watoto kwanza, ndipo mmtafute dereva.