Watoto wa Zamani na Watoto wa Sasa

(Hotuba iliyosomwa na mganga mstaafu wa zahanati mbele ya wazee, waalimu na wazazi waliokusanyika Suguti, katika nchi ya Musoma.)



Nimeombwa niseme habari za afya na usalama wa watoto. Naijua desturi ya hotuba za namna hii: msemaji husema, wasikilizaji hupiga makofi, kisha kila mtu hurudi kwake vile vile alivyokuja. Leo sitaki iwe hivyo, kwa maana nimesikia neno barazani mwezi uliopita ambalo limeninyima usingizi.

Palikuwa na kijana mmoja, baba wa mtoto wa miezi mitatu. Muuguzi alimwuliza kwa nini mtoto hajaletwa kuchanjwa. Akajibu, "Babu yangu hakupigwa sindano hizi zote, naye ameishi miaka tisini. Watoto wa zamani walikuwa na nguvu. Hawa wa sasa wamedhoofishwa na dawa." Wazee waliokuwapo wakatikisa vichwa kwa kukubali. Nami nilikuwapo, nikanyamaza kwa kuogopa ugomvi, na kunyamaza kule ndiko kunakonisuta hata sasa.

Basi siku ya pili nilimwendea babu yule mwenyewe. Nikamwuliza, "Baba, mlizaliwa wangapi katika nyumba ya mama yako?" Akaanza kuhesabu kwa vidole. Mkono wa kwanza ukaisha, na wa pili ukaisha, akarudi tena kwenye kidole cha kwanza. Kumi na mmoja. Nikamwuliza, "Wangapi waliota ndevu au kuolewa?" Akanyosha vidole vinne. Wale saba aliweza kuwataja wanne kwa majina. Watatu hawakuwa na majina, kwani walikufa kabla ya kupewa.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo habari ya watoto wa zamani waliokuwa na nguvu. Wanaotuambia kwamba zamani hapakuwa na shida ni wale waliobaki. Wasiobaki hawaketi barazani.

Katika zamani za Wadachi, na kabla yao, ndui ilikuwa ikipita nchi hii kama moto wa nyika, na aliyepona alibaki na makovu ya uso, au alipofuka. Tena ikaja homa ya malale kandokando ya Ziwa. Katika Uganda peke yake ilikufa hesabu ya watu zaidi ya laki mbili kati ya mwaka wa 1900 na 1920, na huku kwetu Wadachi walijenga kambi ya wagonjwa huko Shirati. Buba nayo iliwala watoto nyayo na pua. Lakini buba ilituachia faida moja ya ajabu: sindano yake ilikausha vidonda kwa siku chache, watu wakaona kwa macho yao wenyewe. Serikali ya Tanganyika ilipoanza kufungua zahanati ndogo za wenyeji mwaka wa 1926, watu walikwenda kwa miguu mwendo wa siku nzima kuitafuta sindano ileile ambayo wajukuu wao leo wanaikimbia.

Mimi mwenyewe nina kovu la chanjo ya ndui mkononi, hili hapa. Wajukuu zangu hawanalo, nao huniuliza ni la nini. Hawanalo kwa sababu ndui haiko tena duniani. Mtu wa mwisho aliyeipata kwa kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, mwaka wa 1977, naye akapona. Mwaka wa 1980 mataifa yote yakatangaza kwamba imekwisha. Haikwisha kwa nguvu za watoto.

Sasa nitasema habari ya nyumbani kwetu, na mnisamehe nikikawia hapo.

Mama yangu alizaa watoto wanane, akazika watatu. Wawili walikufa kabla ya kuzaliwa kwangu, siwajui. Wa tatu alikuwa mdogo wangu wa kike, mwenye mwaka mmoja na miezi kadhaa, naye alikuwa akibebwa mgongoni mwangu kila siku mama akienda shamba la mihogo. Alianza kuhara wakati wa mvua. Siku ya kwanza alicheza. Siku ya pili macho yake yaliingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiifinya ilibaki imesimama kama kitambaa. Alikuwa akilia apewe maji. Wakubwa wa nyumba walisema, "Msimpe maji, maji ndiyo yanayomharisha." Walisema kwa upendo na kwa ujuzi wote waliokuwa nao. Mama alitii. Mimi nilikaa karibu na mtungi uliojaa, nikamwangalia akinyosha mkono kuuelekea mtungi ule. Usiku wa tatu aliacha kulia.

Nilikuwa mtu mzima nimekwisha kufundishwa kazi ya uganga nilipojua ya kuwa lile alilokuwa akiomba ndilo lililokuwa dawa yake. Mwaka wa 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, wakimbizi wengi walikuwa wakifa kwa kipindupindu katika kambi za mpakani, na maji ya kutia mishipani yalikuwa yamekwisha. Daktari mmoja wa Calcutta, jina lake Dilip Mahalanabis, akaagiza wagonjwa wanyweshwe maji yaliyochanganywa na chumvi na sukari, na ndugu zao ndio wanyweshe. Vifo vikapungua sana. Mpango wa kuyachanganya nyumbani ni huu, nao waalimu wauandike ubaoni: maji safi yaliyochemshwa yakapoa, lita moja, sukari, vijiko sita vidogo vilivyosawazishwa, chumvi, nusu kijiko kidogo, isizidi. Anyweshwe kidogo kidogo, na akitapika ngoja kitambo kisha umpe tena. Zahanati sasa hutoa pakiti zilizokwisha kupimwa, pamoja na vidonge vya madini ya zinki, na hizo ni bora kuliko za kuchanganya nyumbani. Titi la mama lisikatizwe hata kidogo.

Sikumwambia mama yangu habari hii mpaka amekufa. Sikuona faida ya kumwambia.

Tangu Uhuru mambo yamebadilika sana, ingawa si kwa siku moja. Wazee wenzangu wataikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka wa 1973, tulipokaa kwa vikundi kuizunguka redio, kisha tukaondoka na majembe kwenda kuchimba vyoo. Watu wapata milioni mbili walishiriki nchini. Mpango wa chanjo kwa watoto wote ulianza mwaka wa 1975. Pepopunda ya watoto wachanga, iliyotokana na kitovu kukatwa kwa kisu kichafu na kupakwa vitu vichafu, mwaka wa 2012 ilihesabiwa kuwa si balaa ya nchi hii tena. Kupooza kwa polio hakukutoka tena katika nchi yetu baada ya 1996, na mwaka wa 2015 tukapewa hati yake. Tangu mwanzo wa 2013 zimeongezwa chanjo za kukinga nimonia na ule ugonjwa wa kuhara unaowapata watoto wachanga.

Hesabu ya jumla ni hii. Katika uchunguzi wa 1991 na 1992, kati ya watoto elfu waliozaliwa Tanzania, 141 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika uchunguzi wa 2022 walikuwa 43. Arobaini na watatu bado ni wengi, tena ni makaburi ya kweli. Lakini kijana aliyesema barazani na aitazame tofauti ya hesabu hizo mbili, kwa kuwa huenda mwanawe yumo katika tofauti hiyo.

Nisije nikadhaniwa nasema kwamba kila dawa hushinda daima. Hapa hapa Mara tumejifunza kinyume chake. Kulikuwa na uvimbe wa taya unaowapata watoto, ule uliochunguzwa na daktari Denis Burkitt huko Uganda, naye akauandikia mwaka wa 1958. Wataalamu walidhani unaandamana na malaria. Kwa hiyo kati ya 1977 na 1982 watoto wa Mara ya Kaskazini waligawiwa vidonge vya klorokwini ili ionekane kama uvimbe utapungua. Malaria ilipungua mwanzo, halafu ikarudi vidonge vikiendelea kumezwa, kwa sababu vijidudu vilikuwa vimeanza kuizoea dawa. Uvimbe ulipungua, lakini wataalamu hawakuthubutu kusema ni kwa sababu ya vidonge. Mwaka wa 2001 klorokwini iliachwa nchini kote, na dawa iliyoifuata nayo ikaachwa miaka michache baadaye ikaja dawa mseto. Kwa hiyo anayenunua vidonge viwili dukani akampa mtoto, akabakiza vingine kwa safari ijayo, anavifundisha vijidudu kuishi. Na chandarua ni cha kulalia mtoto, si cha kuvulia dagaa wala cha kuzungushia bustani ya mchicha. Nimeona vyote viwili, na wenye navyo wananijua.

Sasa yako mambo ambayo kwayo watoto wa zamani walitushinda, nami nisipoyasema nitakuwa nimewadhulumu wazee.

Mtoto wa zamani alilindwa na macho mengi. Nyanya alikuwapo mlangoni, shangazi alikuwa ng'ambo ya ua, na mtu yeyote mzima aliyemwona mtoto akishuka ziwani peke yake alimrudisha kwa fimbo, na baba wa mtoto alimshukuru. Leo dada mkubwa yuko shuleni, na ni jambo jema. Mwalimu Nyerere aliingia shule ya Mwisenge mwaka wa 1934 akiwa na miaka kumi na miwili, na wasichana wa rika lake wangapi waliingia? Mama yuko sokoni na dagaa zake. Nyanya amebaki na wajukuu sita. Na mtu ukimrudisha mtoto wa jirani, jirani hukujia na maneno. Kwa hiyo mtoto hushuka ziwani peke yake. Huko yupo mamba, na kiboko, na konokono wa kichocho asiyeonekana, na maji yenyewe.

Mbwa nao. Zamani mbwa walikuwa wachache na walijulikana kwa wenyewe. Kichaa cha mbwa kikishaonekana katika mtu hakina dawa, na wengi wanaoumwa ni watoto. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wamekuwa wakichanja mbwa katika vijiji vilivyo jirani na Serengeti, na huko imeonekana kwamba wakichanjwa mbwa saba katika kila kumi, ugonjwa hukosa njia. Mtoto akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi muda wa dakika kumi na tano, kisha apelekwe hospitali siku ile ile. Asingojewe mbwa aonekane kama atakufa.

Lakini neno lililonileta hasa ni mitumbwi. Mwisho wa mwezi wa Julai 2023, ng'ambo kidogo tu, katika wilaya ya Bunda, mitumbwi ilizama ikiwa imechukua watu waliokuwa wakirudi kutoka kanisani. Walikufa watu zaidi ya kumi, na watoto miongoni mwao. Tuliwalilia. Tulichanga sanda. Kisha juma lile lile nikaona mtumbwi ukitoka mwaloni kwetu umejaa watoto, na hapakuwa na jaketi hata moja la kuokolea. Nahodha alikuwa mtu mwema, nami namjua. Aliniambia, "Mzee, upepo leo ni shwari." Upepo wa ziwa hili hubadilika ghafula, na yeye ajua kuliko mimi.

Tumewakinga watoto na ndui, na surua, na pepopunda, magonjwa ambayo babu zetu hawakuwa na uwezo nayo. Kuzama kwa mtoto aliyepakizwa na mtu mzima hakungoji mtaalamu wa kutoka nchi za mbali.

Yule kijana wa barazani yupo hapa, wala sitamtaja. Juzi alikuja kwangu akaniuliza kama miezi mitatu ni kuchelewa. Nikamwambia si kuchelewa. Muuguzi atakuwapo zahanati kesho tangu asubuhi, na kadi yake anaijua.

Nawaomba basi jambo moja la kufanya. Jumatatu saa moja asubuhi nitakuwa mwaloni. Waalimu walete daftari lenye majina ya watoto wote wanaovuka kwa mitumbwi kwenda shule, au sokoni, au kanisani. Wenye mitumbwi waje nayo, tuandike pamoja kila mmoja unachukua watu wangapi, na hesabu ichorwe kwa rangi ubavuni. Mwenyekiti amekwisha kukubali kuweka muhuri wake katika karatasi hiyo. Asiye na mtumbwi naye aje, kwa maana jaketi ndogo za watoto zitanunuliwa kwa mchango, na mchango sharti uhesabiwe mbele ya watu.